Vua, bandua, ng'oa: "take off" masikioni mwa mkalimani

Kwa simu mtu haoni. Watu hudhani kinachomtesa mkalimani wa hospitali ni majina ya magonjwa, kumbe majina ya magonjwa yana kamusi. Kinachonitoa jasho mimi ni maneno mawili ya Kiingereza ambayo mtoto wa chekechea wa Kimarekani anayajua: "take off". Nesi yuko chumbani na mgonjwa, jimbo jingine kabisa. Mimi niko Kentucky, nimefunga mlango wa chumba changu, hedifoni masikioni. Nesi anasema kwa upole, "Go ahead and take that off for me." Halafu kimya. Wananisubiri mimi.

"That" ni nini? Kama ni kofia, mgonjwa aivue. Kama ni plasta, aibandue. Bandeji ataifungua. Shati atalivua, mkanda atauvua, viatu atavivua, kwa hiyo hata nikishapata kitenzi bado sijapata ngeli, na Kiswahili hakinipi nafasi ya kukwepa. Mwenye Kiingereza chake hana habari na haya yote. Kwake kofia, plasta, kifuniko cha chupa na jina lililo kwenye orodha vyote huondoka kwa kitenzi kimoja, na kiwakilishi "it" hakiulizi wewe ni nani.

Kwa hiyo nauliza. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mkalimani anasema kama yule anayemkalimania: daktari akisema "naumwa na kichwa nikiona vipimo hivi", nami nasema "naumwa na kichwa", si "daktari anasema anaumwa na kichwa". Lakini anapohitaji kuuliza jambo kwa niaba yake mwenyewe, hujitaja kama mtu wa tatu: "The interpreter would like to clarify what is being removed." Mkalimani anaomba kujua kinachoondolewa ni nini. Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi kiasi kwamba mume wangu akinisikia nyuma ya mlango huniigiza.

Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, Tanga. Wanafunzi wetu walitoka shule ya msingi wakiwa wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza ambako kila somo isipokuwa Kiswahili ni Kiingereza, na sisi walimu tukawapokea na orodha ubaoni. Take off: vua, paa. Take out: toa. Take away: ondoa. Take down: teremsha. Nakilini, kesho mtihani. Kwa mtihani orodha ile ilitosha. Ilikuwa imeficha jambo moja tu, nalo nilikuja kuliona nikiwa nimevaa hedifoni: kwamba Kiswahili hakina neno moja la "take off". Kina ukoo mzima.

Anika, anua. Bandika, bandua. Ezeka, ezua. Chomeka, chomoa. Funika, funua. Ziba, zibua. Vaa, vua. Suka nywele, kisha fumua. Pakia, pakua. Fukia, fukua. Chungu hutelekwa na huepuliwa, picha huangikwa na kuanguliwa. Bibi yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini mvua ikinyesha hakusema "ondoeni nguo" bali "anueni nguo", na ndani ya neno hilo kuna kamba, kuna jua, na kuna mtu aliyezianika asubuhi. Hicho kimkia "-ua" kinasema: rudisha nyuma lililofanyika. Si kila "-ua" ina kazi hiyo, maana chukua na chagua hazimo humo, ila zilizomo zinatosha kumfundisha mtu Kiingereza chote cha kuondoa vitu.

Maana Kiingereza nacho kina kimkia, tofauti ni kwamba kimekatwa na kuwekwa pembeni. "Off", "out", "away", "down" ndizo zinazobeba maana. "Take" yenyewe ni mchukuzi tu. Hata asili yake si ya hapo: ilikuja Uingereza na watu wa Skandinavia enzi za Waviking, ikalisukuma nje neno la zamani la Kiingereza lenye maana hiyohiyo, "niman". Samuel Johnson, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alishasema kwamba vitenzi hivi vinavyobadilishwa maana na neno dogo lililofuatishwa nyuma ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Nilipoisoma kauli hiyo nilijisikia kama nimeandikiwa cheti cha daktari.

Na wale wanafunzi wangu waliokuwa wakiandika "take of" kwa "f" moja, nikiwakata alama kwa kalamu nyekundu? Zamani "of" na "off" lilikuwa neno moja, likatofautiana kwa mkazo wa sauti, na tahajia mbili zikaja kukaa sawasawa baadaye sana. Alama siwarudishii, lakini najua walikuwa na wenzao.

Hospitalini tofauti inayotakiwa kukaa kichwani mapema ni ya "off" na "out". "Off" ni kitu kilichokuwa juu ya kingine, kimekigusa, kimekivaa au kimeking'ang'ania. "Out" ni kitu kilichokuwa ndani. Ndiyo maana miwani ni "take off your glasses", lakini lenzi za kubandika machoni ni "take out your contacts", ingawa lenzi nayo imekaa juu ya jicho tu. Kiingereza kimeamua iko ndani. Pete "off". Meno ya bandia "out". Kifaa cha kusaidia kusikia kilichoingizwa sikioni "out". Hereni za kutoboa utasikia zote mbili. Nyuzi za kidonda "out", bandeji iliyofunika kidonda hichohicho "off". Nywele zilizosukwa kwa rasta "out", yaani zifumuliwe, lakini wigi "off". Nikimfundisha mtu simpi orodha tena. Namwambia afikirie kitu kilivyoingia au kilivyokaa. Kama kwa Kiswahili angesema chomoa, opoa au ng'oa, akianza na "out" hatakwenda mbali na ukweli. Kama angesema bandua, vua au epua, aanze na "off".

Kuna siku, mahali sipataji na mtu simtaji kwa sababu sheria ya faragha ya wagonjwa inanifunga nami pia, nesi alikuwa anamwandaa mama mmoja kwenda kwenye MRI. Ile mashine ina sumaku kubwa inayofanya kazi muda wote, kwa hiyo chuma hakitakiwi karibu yake. Nesi akasema, haraka haraka, "Anything you can take off, take off." Chochote unachoweza kuki-nini? Hapo hapakuwa na kitu cha kuuliza maana "anything" ni chochote. Nikasema: "Mama, chochote ulichovaa, ulichobandika au ulichochomeka mwilini, naomba ukiondoe." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na hii ya mugongo?" Alikuwa na dawa ya maumivu ya kubandika, mgongoni, chini ya nguo. Baadhi ya dawa hizo zina utando wenye madini nyuma yake, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba zinaweza kumuunguza mtu ngozi ndani ya MRI. Nesi angefika kwenye swali hilo kwenye fomu yake, sina shaka. Lakini kwa kuwa Kiswahili kilinilazimisha kupasua kitenzi kimoja vipande vitatu, kipande cha katikati kilimfikia mama kabla ya fomu.

"Mugongo" hiyo inaniambia anakotoka. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo, wa Kivu na Katanga, na vijana wengine wamekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, hao wanazungumza kama mimi na wewe. Lakini wazee! Mzee wa Uvira au wa Lubumbashi hasemi "fungua", anasema "fungula", na "l" yake ni ya zamani kuliko ukimya wetu. Sisi wa pwani ndio tuliodondosha herufi njiani. Na kuondoa, wao husema "kutosha". Kutoka, kutosha: kufanya kitu kitoke. Kimantiki haina kasoro. Tatizo ni mimi wa Tanga ninayesikia "walinitosha jino" na akili yangu inakimbilia kwenye utoshelevu. Jino lilimtosha nani? Wiki za mwanzo nilikuwa naweka karatasi mbele yangu imeandikwa kwa herufi kubwa TOSHA = TAKE OUT, na sasa nikipiga simu nyumbani shangazi akisema "pesa uliyotuma inatosha" kuna chembe ya sekunde ninayojiuliza inatosha nini.

Ukifikiria, "tosha" ya Kongo inafanya kazi karibu sawa na "take" ya Kiingereza. Viatu tosha, jino tosha, mtu kwenye kazi tosha. Vijana wa Nairobi nao wamefika hapohapo kwa njia ya "toa": toa viatu, toa koti, toa plasta. Simcheki mtu. Anaeleweka, na mgonjwa akishaelewa kazi imekwisha. Ila mimi siwezi kumwambia mama wa makamo aliyeketi na daktari wa kiume "toa nguo", wala "vua nguo" kavukavu. Kiingereza chasema "everything off from the waist up" na hakuna anayeona haya. Mimi nasema, "Mama, naomba uvue nguo za juu tu, kuanzia kiunoni kwenda juu, utapewa gauni la hospitali ujifunike." Gauni hilo nesi kashalitaja, silizushi. Mkalimani haongezi chumvi.

"Toa" ina hatari yake nyingine, nayo ni ya wodi ya wazazi. Daktari anaingia, mapigo ya mtoto yanashuka, anasema: "We need to take the baby out now." Tafsiri ya haraka iko kwenye ncha ya ulimi: tunahitaji kumtoa mtoto sasa. Mama mjamzito anayesikia "kutoa" na "mtoto" ndani ya sentensi moja, kwa Kiswahili chochote kile, anajua kutoa mimba ni nini. Na "tosha" haikuokoi. Hapo naomba nusu dakika hata kama haipo: "The interpreter is asking, by C-section?" Ndiyo. "Mama, tunahitaji kukuzalisha kwa upasuaji sasa hivi." Ni sentensi ileile, imesemwa kwa lugha ambayo haimfanyi mtu aanze kupiga kelele kwamba wanataka kuua mwanawe. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa bila kumtoza, na sheria haitaki mtoto wake afanywe mkalimani isipokuwa kwenye dharura ambayo hakuna namna. Nikifikiria binti wa miaka kumi na mbili akitafsiri sentensi hiyo kwa mama yake, naelewa kwa nini.

Halafu kuna "take off" inayokwenda kinyumenyume. "We're going to take you off prednisone." Angalia nani anaondolewa. Si dawa inayoondolewa kwa mtu, ni mtu anayeondolewa kwenye dawa, kama vile alikuwa amepanda juu yake. Ukiifuata neno kwa neno unapata "tutakuondoa kwenye prednisoni", na mgonjwa anabaki anajiuliza amefukuzwa wapi. Nasema "tutakuachisha", neno tunalolitumia kwa mtoto na ziwa, nalo limebeba kitu ambacho daktari mara nyingi anakimaanisha: polepole. Prednisoni iliyotumiwa muda mrefu haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo ili mwili uanze tena kutengeneza homoni yake wenyewe. Lakini kama daktari anamaanisha kesho asimeze kabisa, "achisha" ni laini mno, inafaa "simamisha". Kwa hiyo nauliza tena: ghafla au kwa kupunguza?

Ambayo kwangu ni nzito kuliko zote ni hii: "They took him off the ventilator this morning."

Sentensi hiyo inaweza kuwa habari njema. Mapafu yamepata nguvu, wamemtoa kwenye mashine ya kupumulia, anapumua mwenyewe. Inaweza pia kuwa habari ya mwisho: familia na madaktari wamekubaliana mashine isimame. Kiingereza cha zote mbili ni kilekile, herufi kwa herufi, na anayesema huwa kwenye chumba chenye sura, macho na mkono uliowekwa begani, kwa hiyo haoni haja ya kueleza. Mimi nina sauti tu. Nimejifunza kutobahatisha kutokana na sauti, kwa sababu kuna madaktari wanaotoa habari njema kwa sauti ya kuchoka, na wengine wanaotoa mbaya kwa sauti ya kutia moyo. Nauliza moja kwa moja, kwa Kiingereza: anapumua mwenyewe? Sekunde mbili ninazomchelewesha ndugu aliyeshika simu upande wa pili ni bora kuliko kumpa furaha isiyokuwepo. Wapo madaktari waliowahi kukereka na swali hilo. Wakereke.

Nyingine hazina uzito, zinachekesha tu au zinapita. "Take a few days off" ni likizo, mtu apumzike kazini. "Take off some weight" ni kupungua mwili. "Something to take the edge off" nilitarajia inisumbue, kumbe Kiswahili kilikuwa kimeshafika: dawa ya kupunguza makali. Makali kwa makali, kisu kwa kisu, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. "Take out" ya mikopo na bima haiondoi chochote, ni kuchukua mkopo au kukata bima. Na kwenye ushauri nasaha, "he takes it out on the kids" haina uhusiano na kuwatoa watoto nje. Baba anamalizia hasira zake kwao, na hiyo ukiikosea unaweza kuipotosha ripoti nzima.

Jumamosi nafundisha wakalimani wapya kwenye ukumbi wa kanisa. Wamo wa Bukavu, wa Mombasa, wa Dar, na kijana mmoja wa Nairobi ambaye kwa kila zoezi hujibu "toa tu, mwalimu". Jambo moja huwaingia haraka kuliko nilivyotegemea: kwamba kiwakilishi hukaa katikati. "Take it off", kamwe si "take off it". Wanafunzi wa lugha nyingine hapa huhangaika nalo. Wetu nawaandikia "i-vue" ubaoni, nawauliza "i" iko wapi, wanasema iko ndani, imebanwa na kitenzi. Basi, na Waingereza nao wanabana. Nomino ina uhuru wake, "take off your shoes" na "take your shoes off" zote sawa, ila kiwakilishi hakitoki ndani.

Zoezi la mwisho huwa nafanya mimi daktari na wao wakalimani, wamenigeuzia mgongo ili wasinione. Nasema "take it off" na siwapi zaidi. Sheria ni kwamba wasitafsiri mpaka waulize. Wiki iliyopita walikuwa wameshanoa: take what off, doctor? Bandeji? Kwa kuifungua au kwa kuibandua? Kwa ghafla au polepole? Nikaona wameiva, nikawapa ya kumalizia. Nikakunja makaratasi yangu na kusema kwa uchovu wa daktari aliyemaliza zamu: "All right, I've got to take off."

Mama wa Bukavu akainua mkono, heshima zote: "Mwalimu, daktari anatosha nini?"

"Hatoshi kitu, mama. Anaondoka. Tuagane naye tukate simu."